Gugu Lililoota kwa Mbinya

Maziwa ya ng'ombe wa Kiilu yalipoanza kunuka, miaka miwili baada ya ile njaa ya mahindi ya manjano, yale ya msaada kutoka ng'ambo, Kiilu hakuangalia ng'ombe anakula nini. Alimwangalia Mbinya, mjane wa ndugu yake, ambaye shamba lake lilipakana na lake, akatangaza Kikima nzima kwamba ni muoi, anaroga. Huku Mbooni muoi hufukuzwa, na shamba lake hubaki kwa jamaa ya mume. Msidhani ni maziwa yaliyomkosesha Kiilu usingizi.

Mbinya hakulia. Alimfuata ng'ombe wa Kiilu, akaona anatafuna kigugu cha kutambaa, maua yake madogo kuliko punje za wimbi, kisicho na jina kwetu. Akakitafuna mwenyewe. Harufu ilikuwa ile ile ya maziwa. Akamwita bwana shamba, kijana msomi aitwaye Mwangangi.

Mwangangi alipiga magoti shambani kwa Mbinya, akapasua vitunda vilivyokaa viwili viwili, akanusa, akatabasamu.

"Mama, hii ni jamii ya haradali, ndugu ya kabeji na sukuma wiki. Si ya huku. Mbegu yake inakuja na nafaka ya ng'ambo. Ng'ombe akikula, maziwa inanuka."

Mbinya alicheka kwa furaha, mara ya kwanza tangu azike mume.

Jumapili, baada ya ibada, Mwangangi aliyarudia hayo mbele ya wazee wa kanisa. Watu wakaanza kumtazama Kiilu kwa lawama. Nikajua Mbinya amepona. Ndipo Kiilu akainuka, mpole kweli kweli.

"Asante, bwana shamba. Hiyo kitu umeiona wapi hapa Mbooni?"

"Kwa Mama Mbinya."

"Na kwingine?"

Mpumbavu yule alikuwa amekanyaga shamba moja tu. Si angesema hivyo! Lakini alipenda kujibu swali kama lilivyoulizwa.

"Hapana. Kwake tu."

Kanisa likavuma. Gugu lilikuwa limejaa hata nyuma ya jengo lile, lakini baada ya jibu hilo nani angekiri kwamba linaota kwake, naye aitwe muoi? Kila mtu alitazama sakafu. Wazee wakampa Mbinya hadi jioni awe ameondoka.

Alikuwa anafunga mzigo Mwangangi alipofika. Nilidhani amekuja kuomba msamaha.

"Mama, ile gugu niling'oa ilikatika mzizi. Wakubwa wangu wanataka mmea mzima."

Mbinya aliweka mzigo chini. Akachimba kwa vidole, polepole, asiukate mzizi, akakung'uta udongo, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili.