Maiti ya Chama cha Jembe

Heramaya alikuwa hai, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yote. Alilazwa chali kwenye machela ya mianzi, sanda ya manjano imemfunika hadi usoni, na chini ya mgongo wake zimekunjwa bendera za vyama vyote vinavyompinga mfalme wa Nepal.

Wakubwa wa vyama hivyo walikuwa jela. Waliosalia, huko ng'ambo ya mto, waligoma kuandamana nyuma ya bendera isiyo yao. Watu wazima na ndevu zao, jamani! Basi kazi ikaangukia Chama cha Jembe, kichama cha wakulima ambacho wanachama wake wote wangeenea kwenye mkeka mmoja. Walizishona bendera za vyama vyote. Lakini kuzivusha mto? Askari waliamriwa kumpiga risasi yeyote atakayetoka nje. Maiti tu ndiyo iliruhusiwa kuvuka, ikachomwe ng'ambo ya mto.

"Nitakufa mimi," Heramaya alimwambia mwanawe, Ratnabir. "Wewe lia vizuri tu."

Sasa, ndani ya sanda, Ratnabir na wanachama wenzake wakiwa wameibeba machela, alisikia mlio uliomkausha mate. Kwach, kwach. Viatu vya ngozi! Mpumbavu huyu amesahau kuvivua. Nani Nepal hii anambeba mama yake mzazi na ngozi ya ng'ombe, mnyama mtakatifu, miguuni?

"Simameni hapo," sauti ya askari ikasema. "Nani amefariki?"

"Mama yangu, afande."

"Na viatu hivyo?"

Kofi likalia. Heramaya alitamani kuinuka amrarue huyo askari, lakini angeinuka, mwanawe angekufa palepale. Akajikaza.

"Vua. Mtoto gani wewe, huna hata haya?"

Ratnabir akavua, na sasa kilio chake hakikuwa cha kuigiza.

"Nipisheni hapo kichwani," askari akasema. "Nitambeba mpaka kwenye kuni."

Mpaka kwenye kuni! Atasimama aone moto ukiwashwa. Kila Heramaya alipobana pumzi, ilitoka kwa nguvu zaidi na kuinua sanda.

Walipokaribia daraja, askari aliinama kama anayeiweka sanda sawa.

"Mama," alinong'ona, "pumua kidogo kidogo. Kapteni yuko darajani, na yule haishii kuangalia viatu."