Jogoo wa Mwalimu Mzungu

Miaka minne Goodness alikaa kwao Nyangoto, kijiji cha mgodini, na cheti chake cha ualimu, alama za juu kabisa, akitoa kopi za maombi ya kazi mpaka jamaa wa steshenari akawa anamwita kwa jina. Shule zote zilikuwa na jibu moja tu: tutakupigia. Akishaondoka wanasemezana watoto wataogopa. Goodness ni albino, Mkurya wa baba na mama, na sababu ilikuwa hiyo hiyo, usitafute nyingine.

Sasa fikiria Telesphory, mwenye shule ya Kiingereza kule Mugumu, anampigia siku ileile aliyotuma maombi kwa simu. Usaili dakika tano, Kiingereza kitupu. "Umepata. Jumamosi ni siku ya wazazi, njoo ufundishe somo la mfano." Goodness alilia mpaka mama yake akadhani kuna msiba.

Kumbe bwana, Telesphory alikuwa ameangalia kapicha ka kwenye maombi: uso mweupe, nywele za njano, halafu jina Goodness. Akajua kapata mzungu. Shule ya jirani walikuwa na mzungu wao wa kujitolea na wazazi walikuwa wanahamia huko kama wamefukuzwa. Basi akapachika bango getini: SASA TUNA MWALIMU MZUNGU.

Jumamosi Goodness akashushwa na bodaboda aliyemwita madamu njia nzima.

"Shikamoo mkurugenzi."

Telesphory hakuitika. "Wewe ndo Goodness? Mungu wangu! Zeruzeru!"

Wazazi walikuwa wameshajaa chini ya turubai. Telesphory akawaangalia, akamwangalia Goodness, akacheka kidogo.

"Sikia binti. Kofia usivue, miwani usivue. Ukifungua mdomo ni Kiingereza tu. Kiswahili sitaki kusikia, Kikurya ndo kabisa. Wazazi wakiondoka bila kujua, kazi ni yako."

Goodness alitaka kugeuka arudi. Akawaza miaka minne mingine ya tutakupigia. Akavuta kofia chini.

Na alifundisha, wewe! Darasa la nne, somo la sehemu. Akakata muwa: nusu, robo, thumni, watoto wanarukaruka wanataka kujibu. Wazazi wakapiga makofi wamesimama.

"Unaona?" Kornelio, baba mmoja wa mbele, akamwambia mkewe. "Mzungu ni mzungu tu. Hawa wetu saa hizi wangekuwa wameshika fimbo."

Hapo akainuka bibi Waisiko, amekuja kwa ajili ya mjukuu wake, mkononi ana jogoo mwekundu wa kumkaribisha mgeni. Akapanda jukwaani polepole, akamnyooshea.

Na Goodness kalelewa na bibi yake. Kupokea kitu kwa mama mzee na mdomo umefungwa, hajawahi. Mikono miwili ikaenda yenyewe, goti likapinda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mju..." Waisiko akamsogelea, akachungulia chini ya kofia. "Kwenu wapi wewe?"

Goodness akamtazama Telesphory. Telesphory anaangalia viatu vyake.

"Nakuuliza, kwenu wapi?"

"Nyangoto, bibi."

Turubai zima likalipuka kwa kicheko. "Zeruzeru wa Nyangoto!" Kornelio ndo alicheka kuliko wote. "Nilijua mimi! Kiingereza chenyewe kilikuwa kinanuka mgodi!"

Waisiko akamchukua jogoo wake mikononi mwa Goodness, akambana kwapani. "Huyu nilimleta kwa mzungu," akasema, akarudi kukaa.

Telesphory akanyakua maiki. "Wazazi wangu, tumetapeliwa! Huyu binti katudanganya sisi sote!" Wakampigia makofi na yeye.

Akamfuata mpaka getini. "Andalio la somo liko wapi? Lete."

"Ni langu, mkurugenzi. Nimeliandika siku tatu."

"Mzungu wa kweli akija atalihitaji. Lete, au niite polisi waje kwa tapeli."

Goodness akampa. Telesphory akaikunja ile karatasi vizuri, akaitia mfukoni. Bango hakuligusa.

Yule wa bodaboda alikuwa bado yuko pale, amesikia kila kitu. Akawasha pikipiki.

"We zeruzeru, unapanda hupandi?"

Akapanda.