Yule wa Kawangware

"Andika sifuri, Mama Shivachi! Nikuambie mara ngapi?"

"Siandiki uongo. Mwaka jana ulizaa. Nilimbeba kwa mikono hii."

"Hakupata jina. Sisi mtoto asiyepata jina hatumhesabu, na wewe unajua, au labda hiyo diploma imekufuta kichwa."

Tulikuwa chumbani kwa Nasipwondi, Kibera, mwaka 1974. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kesho yake asubuhi angepanda basi kwenda Bungoma kupalilia mahindi ya mama mkwe. Hilo ndilo lililonileta mbio. Kliniki ilinituma nyumba kwa nyumba kuandika vifo vya watoto wachanga, na kwa miezi minane nilikuwa nimeona jambo lile lile: mwanamke anasafiri kwao magharibi au ziwani akiwa mjamzito, anaumwa na mbu, anarudi Nairobi na malaria, anazaa mtoto mdogo mno, na mtoto hamalizi wiki. Daktari alikuwa amekubali kutoa vidonge vya klorokwini vya kila wiki, lakini kwa wale tu ambao daftari lilionyesha wameshapoteza mtoto hivyo. Sifuri ya Nasipwondi ilimnyima dawa.

"Ukimtaja yule, unamwita aje amchukue huyu," alisema, mkono tumboni. "Na hivyo vidonge vyenu vichungu vinatoa mimba."

"Nani kasema?"

"Aoko."

"Aoko anauza samaki wa omena. Siku akiuza dawa nitamsikiliza."

Alicheka bila kutaka, kisha akanikazia macho. "Haya, mwandishi. Wako ni wangapi?"

"Watatu."

"Waliokufa?"

"Hakuna." Jibu lilitoka lenyewe.

"Na yule wa Kawangware?"

Mwaka 1966 tulikuwa wapangaji wa ploti moja kule Kawangware, mabibi wapya wawili, ukuta wetu mwembamba hata akigeuka kitandani nasikia. Upande wa Riruta palikuwa bado mashamba. Jumamosi tulinunua minji, njegere mbichi, huko, tukaibambua mlangoni tukiwasengenya waume zetu hadi tukasahau kuinjika ugali. Jiko lilikuwa moja. Viatu vizuri vilikuwa jozi moja: yeye alivivaa ibada ya asubuhi, mimi ya mchana, na ole wake akichelewa kurudi. Nimehama mara nne tangu wakati huo. Jirani kama yule sijapata tena.

Mwaka huo huo nilikwenda Kakamega kwenye matanga ya baba mkwe, nikarudi na homa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akaishi siku mbili. Nasipwondi aliniletea uji, akafua nguo zangu, akafukuza wageni wenye maneno mengi. Baada ya hapo hakumtaja tena, wala mimi sikumtaja. Daftari langu lilikuwa na watoto sitini wa watu wengine, na wangu hakuwamo.

"Umenipata," nilisema.

Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika, nikianza na jina langu mwenyewe, huku nikisoma kwa sauti: "Mideva. Alisafiri Kakamega, mimba ya miezi sita. Homa. Mvulana. Siku mbili."

Nasipwondi alisogea, akaifuata mistari kwa kidole.

"Alikuwa na nywele nyingi," alisema. "Kama mzee wa kanisa."

"Unakumbuka?"

"Nani aliyemwosha?"

Miaka minane hakuna mtu aliyekuwa ameniambia lolote juu ya nywele zile. Nilipangusa macho kwa upande wa leso, haraka, maana nilikuwa kazini.

Nje, wanawake walikuwa wakigombania zamu ya mfereji wa maji. Nasipwondi akagonga ukurasa kwa kidole.

"Andika wangu chini ya wako. Msichana. Siku nne. Nilikuwa nimetoka kupalilia."

Niliandika. Nikampa vidonge viwili vya wiki hiyo na kumfungia vingine vya safari katika karatasi. Akavitia vyote viwili mdomoni, akakunja uso, akanitukana kwa Kibukusu, akanywa chai na kumeza.