Rangi ya Bawa la Zuwena

Mimi ni fundi rangi wa magari. Nimepuliza rangi Makorora miaka thelathini na moja, na sijawahi kurudishiwa gari. Nalitanguliza hilo ili ujue unamsikiliza mtu wa namna gani: nina kiburi cha kazi yangu, na hasira zangu haziko mbali. Mke wangu Saleha husema mumewe Idarusi akiambiwa neno moja huwa ameshajibu mawili. Sibishi.

Binti yetu Zuwena alikuwa akitengeneza ndege. Si za kupanda watu, ndege ndogo zenye mota na betri, mtu anasimama chini anaziongoza kwa rimoti. Alizaliwa na sikoseli. Kila baridi ikija mifupa ilimuuma mpaka tunamkimbiza hospitali, na mtoto anayelala sana kitandani hutafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Alisomea umeme chuoni, akamaliza, akarudi nyumbani. Siku za nafuu alitengeneza simu za watu pale barazani, lakini mapenzi yake yalikuwa ndege.

Mabawa aliyachonga kwa fomu, lile povu gumu jeupe linalofungiwa friji na televisheni mpya. Aliomba maboksi mabovu kwa wauza samaki, akayaosha, akayaanika juu ya bati, nyumba nzima ikanuka samaki. Alikata kwa waya uliotiwa moto wa betri, akasugua kwa msasa laini, kisha akalivika bawa karatasi ya kaki iliyolowa gundi nyeupe ya mbao. Aliilaza karatasi kwa viganja, akitoka katikati kwenda ukingoni, akiusukuma upepo wote utoke. Nilikuwa nikipita nikijifanya sitazami. Mkono wake ulikuwa mzuri. Hapakuwa na kunyanzi hata moja, na karatasi ikishakauka bawa lilikuwa gumu unaweza kuligonga kwa kucha likaitika.

Tatizo langu lilikuwa rangi. Alipaka kwa brashi, rangi ya maji, kama mtu anayepaka ukuta wa choo cha shule. Miye macho yaliniuma. Mwaka juzi nikamwambia, "Niletee hilo bawa nikupulizie kitu cha maana."

"Hapana, baba. Rangi yako italila."

"Itakula nini?"

"Fomu. Tina ikiigusa tu, inayeyuka."

Tina ni ile dawa tunayozimulia rangi ya gari. Naijua kuliko ninavyojua uji. Nilichosikia siku ile si habari ya fomu, nilisikia kwamba binti yangu aliyesoma haitaki rangi ya baba yake. Nikamwambia rangi hiyohiyo ndiyo iliyomlisha, ikamsomesha, ikamnunulia dawa. Akainamisha kichwa akaendelea na msasa wake. Tangu hapo sikuzigusa ndege zake, wala yeye hakuniomba. Miaka miwili. Alikuwa akienda kurusha kwenye uwanja mmoja kule Pongwe, yeye na Daniel, kijana wa Maramba aliyesoma naye chuo. Saleha alikwenda kutazama mara tatu. Mimi kila mara nilikuwa na gari la kumaliza.

Mwaka huu akaanza bawa la mita mbili. Hajawahi kutengeneza kubwa hivyo. Lilimchukua miezi minne, maana alifanya leo akalala kesho, na alitaka liruke siku ya Idd. Alikuwa ameshalivika karatasi, limekauka, bado kulipaka vanishi ya maji mara tatu ndipo aje kwenye rangi. Hapo maumivu yakamshika. Safari hii hayakuishia kwenye miguu na mgongo, yaliingia kifuani. Saleha akahamia naye hospitali. Siku ya nane daktari alituita pembeni, akasema mapafu yameelemewa, wanafanya wanaloweza, na sisi tumwombe Mungu. Daktari akikwambia umwombe Mungu unajua mwenyewe amefika wapi.

Siku ya tisa nilirudi nyumbani kuoga. Bawa lilikuwa juu ya meza ya barazani, bado lina rangi ya kaki, limefunikwa gazeti. Nilikaa nikalitazama. Nilikwenda kutoa damu wakanirudisha kwa sababu ya presha. Chakula nilichopeleka hakukila. Sikuwa na chochote cha kumpa mtoto wangu, na kukaa pale mikono mitupu kulikuwa kunaniua. Nilichokuwa nacho ni kompresa na bunduki ya rangi.

Nikalibeba mpaka gereji yangu, ambayo iko hapo hapo uwani. Ile habari ya fomu ilinijia, sitadanganya. Nikajiambia, lakini limeshavikwa karatasi na gundi, tina itapitia wapi? Ndivyo nilivyojiambia. Nikachanganya buluu niliyoibakiza kwenye gari moja la mteja, nikapuliza koti ya kwanza nyepesi, nikangoja, nikapuliza ya pili imejaa. Wallahi lilipendeza. Niliuona uso wangu ndani yake. Nikaliacha juu ya vigoda viwili, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nikakimbilia hospitali kuwahi saa ya kuona wagonjwa.

Zuwena alikuwa ameegemezwa mito, ana mpira wa hewa puani. Nikainama karibu naye.

"Nimekupakia bawa lako," nikamwambia.

Akanigeuzia macho. "Lile kubwa?"

"Lile kubwa. Koti mbili. Buluu. Ukiliona hutalitambua."

"Rangi ya maji, baba?"

"Maji ya nini? Rangi ya gari, nimeizimua kwa tina kama inavyotakiwa. Au ulitaka niizimue kwa chai?"

Akatabasamu. Akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaushika. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Ahsante, baba," akasema. "Umenisaidia sana. Miye nisingeweza kulipaka hivyo."

Sijui kama kuna sifa niliyowahi kupewa na tajiri yeyote wa gari ikaniingia kama ile. Saleha alikuwa upande wa pili wa kitanda, akaona nilivyo, akageuza uso akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Nilitoka pale nimesimama wima. Nikapitia duka la dawa walikoniagiza, kulikuwa na foleni, na hata foleni haikuniudhi, nikarudi kumwachia muuguzi dawa mlangoni.

Nilipofika nyumbani jua linakaribia kuchwa, mlango wa uwani ulikuwa wazi. Daniel yuko ndani ya gereji, amelikumbatia bawa limefungwa kwenye khanga ya Zuwena, anatafuta njia ya kutoka.

"Shikamoo, mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshikwa.

Sikuitikia. "Unapeleka wapi bawa la watu?"

"Zuwena ameniagiza. Naenda kulifunga mota."

"Mgonjwa hajatoka kitandani, mota ya nini? Na rangi haijakauka. Liweke chini."

"Mzee, nakuomba uniache nilipeleke."

Alivyosema nakuomba ndivyo alivyonichafua. Nilidhani nimeshaelewa: Zuwena amenishukuru usoni, kisha amemtuma mwenzake akanikwangulie rangi yangu apake ile ya brashi. Nikaivuta khanga kwa nguvu. Daniel alikuwa anaishikilia, ikachanika.

Juu bawa lilikuwa bado linang'aa. Lakini lilikuwa limedidimia, hapa shimo, pale bonde, kingo zimekunjamana, na kwenye maungio ya karatasi, tina ilipopata njia, palikuwa na nyufa ninazoweza kuingiza kidole. Nikaingiza. Ndani hapakuwa na kitu. Fomu yote ya katikati ilikuwa imeliwa, imebaki ulimbo unaonata, na harufu ya tina ikanipanda puani. Miezi minne ya mikono yake. Nililipokea kwa Daniel, na halikuwa na uzito wowote.

"Amenipigia simu ulipoondoka tu wodini, mama yake ametoka kuchukua maji," Daniel akasema. Alikuwa anasema taratibu, kama anayeogopa kwamba nitaanguka. "Anavuta pumzi kila baada ya neno. Kasema baba amelipaka rangi ya gari, nikimbie nilichukue kabla hajarudi nyumbani. Nitengeneze jingine, nilivike, nilipake buluu kama hiyo, nilirudishe. Kasema baba asilione."

"Kwa nini hakuniambia palepale? Ana mdomo."

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Kasema ulikuwa umefurahi."

Nikakaa juu ya kigoda. Nililia mbele ya kijana wa watu, kwa sauti, na sikuona haya. Alinieleza ukweli miaka miwili iliyopita kwa maneno manne, nami nikamtupia chakula na ada na dawa usoni. Leo, anahesabu pumzi, zile chache alizokuwa nazo amezitumia kunifichia kosa langu.

Daniel alikuwa bado amesimama. Nikamwuliza, "Ukimpigia utamwambiaje?"

"Sijui, mzee."

"Usimpigie. Nitampigia mimi. Wewe uliwahi, miye nilikuta umeshaondoka. Umenielewa?"

Akaitikia kwa kichwa. Tukalifunga tena bawa kwa khanga ile iliyochanika, nikamsaidia kulibana kwenye baiskeli yake, akaondoka nalo. Adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Nikasali, kisha nikampigia Saleha, nikamwambia amwekee Zuwena simu sikioni.

"Mwanangu, huyu mwenzio Daniel amekuja kulichukua bawa," nikasema. "Nimekuta ameshaenda, sikumkuta hata yeye. Jirani ndiye kaniambia."

Nilisikia hewa ya ule mpira ikipuliza. "Kwa hiyo hukuliona lilivyokauka," akasema.

"Sijaliona. Lakini najua limependeza, rangi yangu naijua."

"Limependeza, baba."

"Siku ya Idd nakuja Pongwe kulitazama."

"Uje, baba," akasema.

Alifariki alfajiri. Tulimzika baada ya adhuhuri, na watu walikuwa wengi, hata wale aliowatengenezea simu wakasahau kuja kuzichukua. Nilishuka kaburini mwenyewe kumpokea.

Siku ya tatu, hitima imeshasomwa, wageni wamepungua, Saleha akaja akakaa karibu yangu kwenye jamvi. Alisema kuna jambo Zuwena alilisema usiku ule ambalo hakulielewa, na limekuwa likimzunguka kichwani. Aliporudisha simu alikuwa na uso mwepesi, uso ambao Saleha hajauona wiki ile nzima. Akasema, "Mama, baba hakuliona." Akaomba maji, akanywa, akalala.

"Hukuliona nini?" Saleha akaniuliza.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, nikamwona Zuwena amelala na ule uso, nikashindwa kumharibia.

"Sijui," nikasema. "Kwa kweli sikuona kitu."