Mji Alioutoa Mwasiti

Shibe mwana malevya, na Mwasiti leo amelewa pilau la mwaka mpya mpaka shingo haikai. Yuko mkekani nyumbani kwa kaka yake, Muheza, kanga kajifunika kichwani, joto la mchana limemwelemea, anasubiri zamu yake. Ukoo huu una desturi yake. Sahani zikishatolewa, kila mmoja anataja jambo moja atakalolifanya mwaka huu, na aliyeshindwa la mwaka jana ndiye anayesugua masufuria peke yake. Mwasiti ni msusi hodari, lakini masufuria ya nyumba hii anayajua mpaka makovu yake. Mwaka jana alitaja saluni ya vioo kuta zote nne, viti vya kuzunguka, wanafunzi kutoka mikoani. Mwaka juzi vilevile. Na kila mara akimwambia Zaina, bintiye wa pekee, nawe nitakufundisha kusuka, mwanangu, saluni ikifunguliwa tu. Asubuhi hii Zaina kamwambia, Mama, leo usinitaje. Sisubiri tena mimi. Neno hilo limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wifi yake Mwanaisha anamchokoza, Wifi, leo utataja nini, ndege? Masufuria yanakuulizia! Mwasiti anacheka, anafumba macho kidogo, kidogo tu jamani, na mkeka unaanza kwenda.

Unakwenda kweli! Ukili wake, ule ukanda wa miyaa iliyosukwa, unarefuka, unakuwa barabara, barabara inajisuka mbele yake, inapinda, inarudi ilikotoka, na kila ikirudi inamfikisha kwenye mji uleule wa vioo. Lo, anaujua! Ni saluni yake, imekua mpaka imekuwa mji. Kila kioo kina kiti, kila kiti kina kichwa, nywele zimeachwa wazi zinamsubiri. Hayawi hayawi, yamekuwa! anapiga kelele, anavamia kichwa cha kwanza, anachana, anaanza mstari, mara cha pili kinamwita, anakirukia, cha tatu nacho kinamwita. Akigeuka, cha kwanza kimefumuka. Akirudi, cha pili kimefumuka. Anakimbia huku na huku, anacheka, jasho linamtiririka, na vioo havichoki kuongeza vichwa. Mtu anamzuia njiani. Mbele kisogo, nyuma kisogo, uso hana. Mwasiti haogopi, maana msusi huwajua watu kwa visogo. Shikamoo, anamwamkia, kazi hii nitaimalizaje? Kisogo kinajibu, Kitendawili! Tega, anasema Mwasiti, mdomo umezoea tangu utoto. Nikianza mia simalizi hata mmoja, nikianza mmoja namaliza mia. Siafu? Siyo. Shanga? Siyo. Umeshindwa, nipe mji. Chukua Tanga. Tanga si yako. Basi chukua Muheza. Muheza hukuijenga wewe. Nipe mji wako, huu hapa.

Mwasiti anavitazama vioo vyake. Jamani, vinavyong'aa! Ameviota, amevitamka mbele ya watu, amesugua masufuria kwa ajili yake. Machozi yanamlenga. Lakini kule mbali, katikati ya visogo vyote, anakiona kimoja kidogo, nywele zake zinazunguka kama maji ya kwenye karai, na mzunguko ule ameuchana tangu siku ya kwanza alipompakata. Zaina. Vioo vinaongezeka, kisogo kile kinazidi kuwa kidogo, kinapotea. Chukua! anapiga yowe. Mji nimekupa, chukua wote! Na vioo vinaondoka taratibu, kama wageni wanaoaga arusini, hadi kinabaki kigoda kimoja na kile kichwa kidogo. Mji nimepata, kisogo kinasema, na jibu lake ni mstari wa kwanza. Mwasiti anadaka kitana, mbio, roho juu, Kaa mwanangu nikusuke! Sitaki kusukwa, mama. Nataka kusuka. Haya basi, Mwasiti anakaa yeye, anainamisha kichwa, na vidole vidogo vinaingia nyweleni, vinavuta, vinauma. Aa, taratibu, shikia chini, sasa ongeza, ongeza tena, ehee! Mstari unakwenda, umepinda, lakini unakwenda! Wanacheka wote wawili, na barabara inajisuka chini yao, wala haijirudii tena.

Wifi! Zamu yako! Mwasiti anashtuka, anakaa. Nyumba nzima inamtazama. Mwaka huu, anasema kwa furaha, kabla shule hazijafunguliwa, nitamfundisha Zaina twende kilioni, ile mistari ya kawaida ya kwenda kisogoni. Hiyo tu? Hiyo tu, wifi yangu. Na saluni je? Saluni nimeitoa. Kaka yake anacheka mpaka anapaliwa na kahawa. Mwasiti anavuta kanga ajifunge vizuri, na vidole vyake vinagusa kitu. Alilala nywele zake zote zikiwa wazi. Sasa kuna mstari mmoja, umepinda, umeishia nusu, ncha haijafungwa. Anageuka. Zaina yuko nyuma yake, mikono kaificha mgongoni. Zaina, ni wewe? Sijui, mama, hata mimi nilisinzia. Mwasiti anamwangalia, anaangalia mkeka, hajui amuulize nani mwingine. Anampa mtoto mgongo, anainamisha kichwa. Leta kitana, anasema, umeanza vizuri, njoo nikuonyeshe ulipopinda.