Udongo wa Hondohondo

Katika milima ya Uluguru mwanamume huoa mke, lakini shamba halimwoi yeye. Ardhi hufuata upande wa mama. Ni mali ya ukoo, ambao wenyewe huuita lukolo, na mume huilima kama mgeni aliyekawia. Mosi alikuwa amekawia tangu kabla Wadachi hawajajenga boma Morogoro. Alikuwa amefyeka pori na kuligeuza kuwa matuta ya maharage, na kila mavuno mjomba wa mkewe, mzee Salehe, mkuu wa ukoo, alikuja kuyatazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unalima vizuri, mkwe. Siku ukiondoka, jembe uliache."

"Sijasema naondoka."

"Wala mimi sijasema. Nimetaja jembe tu."

Kwa hiyo Mosi alitaka jambo moja duniani: kipande cha ardhi ambacho hakuna mjomba wa mtu angekitazama namna ile.

Mwaka ambao reli ilikuwa ikikaribia Morogoro, alipanda upande wa Matombo Mdachi mmoja, Bwana Reinke, akitafuta mawe. Wenzake waliomtangulia walichimba ulanga, lile jiwe la kung'aa linalobanduka kama maganda ya kitunguu. Yeye alitaka vito vyekundu. Alikuwa na darubini, bunduki, na magoti yasiyopenda mlima. Alitangaza kwamba atakayemwonyesha vinakotoka atapewa shamba bondeni, karibu na reli, kwa hati yenye mhuri wa serikali. Watu walimsikiliza kwa adabu, maana ahadi ilikuwa bidhaa iliyopatikana kwa wingi siku hizo. Mosi peke yake aliiamini, si kwa ujinga, bali kwa kuwa mwenye njaa hachunguzi sana chungu.

Naye alikuwa na pa kuanzia. Katika mkangazi mmoja ukingoni mwa msitu, hondohondo walikuwa wakitengeneza kiota. Desturi ya ndege hawa inajulikana: jike huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa wa kupitisha mdomo, na dume hubaki nje, akileta udongo kwanza na matunda baadaye. Watu huisifu ndoa hiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza jike. Chini ya mti Mosi aliokota donge lililodondoka, akalivunja, akakuta punje moja nyekundu kama mbegu ya komamanga. Bwana Reinke aliigeuzageuza juani, akatamka neno la Kidachi, kisha akasema, "Mfuate ndege."

Kwa masikio, kumfuata hondohondo ni kazi nyepesi, maana mabawa yake huvuma kama mivukuto ya mhunzi. Kwa miguu ni jambo jingine: ndege huvuka bonde kwa pumzi moja, na mtu hulivuka kwa asubuhi nzima. Kila siku Mosi alimpoteza mahali fulani, na kesho yake akaanzia pale pale alipompotezea. Alipokaribia mwisho alikwisha kujua njia ile inaelekea wapi, lakini alijizuia kujua. Hatimaye akamwona ndege akitua kwenye ukingo wa kijito, akidonoa udongo na kuumeza. Juu ya ukingo ule palikuwa na matuta ya maharage, na kati ya matuta Mwanaheri, mkewe, akipalilia.

"Baba Asia!" aliita Mwanaheri. "Wenzio wanachunga mbuzi, wewe unachunga ndege?"

"Mbuzi sina, mama Asia."

"Huyo huja kila siku kula udongo. Nilidhani ana mimba."

"Huyo ni dume."

"Basi, maskini, ana kazi ya ukweni."

Mosi hakucheka. Alikuwa akipima kwa macho ukubwa wa shimo ambalo Mdachi angechimba, na hakuona shimo ambalo lingeyaacha maharage mahali pake. Akisema, yeye angepata shamba na ukoo wa mkewe ungepoteza lake. Asiposema, angebaki alivyo, mkulima hodari wa ardhi ya wengine. Akaenda kulala na jambo hilo, na alipoamka lilikuwa bado pale.

Asubuhi alimkuta Bwana Reinke chini ya mkangazi. Mawingu ya masika yalikuwa yamemmalizia subira. Alikuwa amebebwa hadi pale kwa machela, akamvizia dume, akampiga risasi. Koo la ndege lilikuwa limekwisha kupasuliwa, na ndani yake mlikuwa na udongo na punje mbili nyekundu.

"Unaona?" alisema, amemshika ndege kwa miguu. "Alikuwa mkweli. Sasa sema, alikuwa akitua wapi?"

Mosi alimtazama ndege. Katika nchi ile yote hapakuwa na aliyemtumikia Bwana Reinke vizuri kuliko ndege yule, na malipo yake yalikuwa yananing'inia kichwa chini. Haikuwa hoja kamili. Mosi hakuweza kuthibitisha kwamba binadamu angelipwa hivyo hivyo. Ila hakuweza kuthibitisha kinyume chake pia.

"Mbali, Bwana," alisema. "Ng'ambo kule, chini ya mlima Kimhandu."

"Una hakika?"

"Nimemfuata kwa miguu yangu mwenyewe."

Wapagazi wakafunga mizigo. Bwana Reinke alichimba chini ya Kimhandu mpaka mvua ikajaza mashimo yake, akateremshwa Morogoro na homa, wala hakupanda tena. Mihuri ya serikali iliendelea kugongwa mahali pengine.

Lakini siku ile ile, wapagazi walipotokomea, Mosi alichukua shoka na kamba, akaupanda mkangazi ili amfungulie jike. Alikuta ukuta umebomolewa kwa ndani na tundu ni tupu. Jike hakuwa amemngoja mtu. Vipande vya udongo vilikuwa vimetapakaa chini, vyenye punje nyekundu hapa na pale, wazi kwa kila mpita njia. Mosi aliviokota vyote kwenye kikapu, akavilowesha nyumbani, akavikanda pamoja na udongo mwingine, akaanza kukandika ukuta wa nyumba ya Mwanaheri upande uliopasuka.

Mzee Salehe akapita, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliutazama ukuta kwa muda mrefu. "Unakandika vizuri, mkwe. Siku ukiondoka, ukuta uuache."

"Nitauacha, mzee," alisema Mosi, akachota udongo mwingine.