Damu ya Kaporale

Tshibola, mpima damu wa hospitali ya kampuni, alitoa kichupa kwenye mashine ya kuzungushia damu, akakitazama, akasonya. Maji ya damu yaliyopaswa kuwa maangavu yalikuwa meupe kama maziwa, na hii ilikuwa mara ya pili.

"Tata Mukalay, docteur wa banyama wa Lubumbashi aliandika: imbwa alale na njala mbele ya kutolewa damu. Weye unamupa bukari akule, kisha unakuya kunipotezea wakati?"

Mukalay, mlinzi wa ghala la nyaya la kampuni hapo Kolwezi, alishika kofia kwa mikono miwili. Kaporale, mbwa wake wa lindo, alijilaza mlangoni mwa maabara, mnene, mkia umenyonyoka manyoya.

"Mama, mi sikumupa kitu. Kweli ya Mungu."

Kweli ya Mungu! Tshibola alikuwa amechoshwa na watu wa namna hii. Mtu mzima, baba wa watoto sita, anashindwa kumnyima mbwa chakula usiku mmoja! Akaandika tena kwa wino mwekundu: *Mbwa alilishwa.*

Karatasi ilifika kwa mkuu wa walinzi, Mwenze, ambaye naye subira hakuwa nayo. Mbwa analala, nyaya zinaibwa, mlinzi anadharau amri. Alipiga chapa barua ya kumfukuza Mukalay kabisa, akaiweka mezani. Damu ikija nyeupe tena, Mukalay atarudisha sare na kuhamisha familia yake kutoka nyumba ya kampuni.

Mukalay akamrudia Tshibola. "Basi mumuchukue, mumufungie kwenu. Mi nimechoka kuitwa mutu wa bongo, musema uongo."

Tshibola alikubali, hasa ili amkomeshe. Alimfungia Kaporale jikoni, akaondoa kila kinacholika, hata pipa la takataka. Mbwa hakuomba chochote. Alijibana kwenye mbabula, jiko la makaa, akitetemeka, na huo ulikuwa mwezi wa kumi, joto la kukausha midomo. Asubuhi ufunguo ulikuwa bado shingoni mwa Tshibola. Akamtoa damu mwenyewe, akaizungusha.

Nyeupe vile vile.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akahesabu chembe nyekundu kwa hadubini, akakuta ni pungufu. Damu hafifu, mafuta tele ndani yake bila hata kula, baridi, usingizi, manyoya kunyonyoka. Mambo haya aliyajua kwa wanawake wa wodi ya pili, wale ambao tezi ya shingo imelegea kazini. Hao walipewa vidonge, wakapona. Hakuna aliyewaita waongo.

Akampelekea Mwenze karatasi mpya: *Mbwa anaumwa tezi.* Mukalay alikuwa tayari ofisini, sare imekunjwa mkononi.

"Citoyenne Tshibola," Mwenze alisema, "uliandika mara mbili kwamba alikula. Sasa amelala kwako, damu ni ile ile. Kwako ni nani alimukulisha?"

"Hakuna! Nilifunga mulango mi mwenyewe!"

"Na huyu alisema vile vile."

Tshibola alitamani kumrushia karatasi usoni. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Mwenze hakukosea.

"Apewe vidonge wiki sita," alisema. "Damu itasafika."

"Na kama haisafike?"

Tshibola akachukua kalamu mezani. Akalikata jina la Mukalay kwenye barua ya kufukuzwa, na juu yake akaandika jina lake mwenyewe.